Nta ya Mzee Kiyungi

Mzinga mpya huita kwa nta ya mkongwe.

Nimewasikia mkiyarudia maneno hayo tangu mliporudi sokoni, kila mtu na maana yake. Mnasema Mama Tungaraza amezeeka na akili imeanza kumruka. Kabula amejifunza cherehani kwake, leo amefungua kibanda chake palepale jirani, na badala ya kununa, mama wa watu amempelekea wateja wake wawili wa sare za shule na kusema hayo mliyoyasikia. Nyinyi mkaona ni wazimu. Mimi nikaona ni mtu aliyelelewa na watu wa nyuki, maana kwao ni hukohuko kwetu. Kaeni basi, na wewe Sizya zima hiyo redio. Chambueni mchele huku mkinisikiliza. Kazi ni ya mikono, masikio nipeni mimi.

Maneno hayo yalizaliwa Kalembela, kijiji kilichokaa ukingoni mwa msitu wa miombo, mbali na reli. Mama yangu alizaliwa huko, na mengine aliyaona mwenyewe, mengine alisimuliwa na wenye hadithi yao. Zamani hizo mkonge ulikuwa mali huko upande wa pwani, na kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, lilikuja lori la wakala wa mashamba kuchukua vijana. Waliokwenda waliitwa manamba. Wachache walirudi na baiskeli, wengi walirudi na kikohozi, na wako ambao hawakurudi kabisa, mama zao wakazeeka wakitazama barabara.

Msidhani walikwenda kwa sababu Kalembela ilikuwa na njaa. Msitu ulikuwepo, maua yalikuwepo, na asali ya huko ilisifika mpaka Tabora mjini. Walikwenda kwa sababu hawakuwa na pa kuanzia. Mali ya Kalembela ilikuwa mizinga, na mizinga ilikuwa ya wazee. Asiye na mizinga hakuoa, hakulipa kodi, wala hakusikilizwa akisema kikaoni. Alikuwa mtoto tu, hata ndevu zikimjaa.

Wazee waliona kijiji kinakauka. Wakaitana, wakakaa kikao, na Mzee Mayunga, aliyekuwa mkubwa wao, akasema maneno mengi mazuri. Mzee huyo alipenda kusema. Wakakubaliana kwamba kila mzee mwenye mizinga achonge mmoja ampe kijana mmoja. Na kweli walichonga. Walitoa mizinga, wakatoa na kamba za kutundikia, wakawaonyesha vijana miti, wakatemea mate ya baraka juu ya kila mzinga. Hawakuwa watu wabaya. Lishikeni hilo, kwa sababu hadithi ya watu wabaya ni nyepesi kusimulia, na hii si nyepesi.

Kitu kimoja tu hawakukitoa. Hawakutoa nta.

Sasa nyinyi watoto wa mjini mtaniuliza nta ni ya nini, asali si ndiyo inayoliwa. Nyuki haingii mzinga kwa sababu umechongwa vizuri. Nyuki huingia panaponuka nyuki. Mrinaji, yaani mvuna asali, huchukua kipande cha sega la zamani, akakilainisha kwa moto, akakipaka ndani ya mzinga mpya, na nyuki wanaotafuta makao wakipita hunusa na kusema, aha, hapa wenzetu walikaa wakapona. Kila mzee wa Kalembela alilijua hilo. Lakini Kalembela ilikuwa na mwiko wake: nta haitoki nje ya nyumba. Waliamini kwamba nta yako ikipakwa kwenye mzinga wa mtu mwingine, nyuki wako wataifuata, wakuache na mizinga mitupu. Hata mwana hakupewa. Mwana aliipata siku baba yake alipokufa, pamoja na mizinga yenyewe. Na ili kuzuia ugomvi, mizinga ya vijana ilipelekwa kutundikwa ng'ambo ya kijito, mbali na ile ya wakubwa.

Basi vijana wakatundika mizinga mitupu, mahali patupu, wakangoja. Msimu wa maua ukaja, ukapita. Mizinga ikapangwa na buibui. Msimu mwingine ukaja, ukapita, ikapangwa na mijusi. Wazee wakatikisa vichwa. "Vijana wa siku hizi," wakasema, "tumewapa kila kitu. Mikono yao mikavu. Nyuki wanamjua mvivu kwa harufu." Naona mnatazamana. Mmeshaambiwa hayo nyinyi pia, eti? Nami nimeyasikia yakisemwa kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, na safari moja kwa kipaza sauti.

Miongoni mwa wazee hao alikuwepo Mzee Kiyungi. Mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, mguu mmoja umeshaanza kukataa kazi. Yeye na mkewe, Mama Shija, walijaliwa mtoto mmoja tu, huyo Shija. Na huyo Shija zamani alimwendea baba yake akamwomba nta, apate kuanza. Baba akamjibu kama alivyojibiwa yeye na baba yake: "Tulia. Nikifa utaipata." Kijana akamtazama, akasema, "Kwa hiyo baba, nikuombee kifo?" Hakusema kwa hasira, alisema kwa kuuliza tu. Mvua za mwaka ule zilipokaribia, akapanda lori. Barua haikuja, mtu hakuja, wala habari haikuja.

Jirani na Mzee Kiyungi aliishi kijana jina lake Mihayo. Baba yake alikufa kabla hajatundika hata mzinga mmoja, kwa hiyo huyu hakuwa na nta ya kungojea kwa mtu yeyote, aliye hai wala maiti. Alikuwa na mama yake tu, Nyanzala, ambaye macho yalikuwa yakififia. Mihayo alimshika mkono mpaka kisimani, akampikia uji, akamchana nywele. Vijana wenzake walimcheka kwa hayo, naye akacheka nao. Mzee Kiyungi alimpenda sana kijana huyo. Wazee wengine walipotakiwa kuchonga mizinga ya msaada, walichukua gogo lolote lililokuwa karibu. Yeye alitafuta mninga ulioanguka wenyewe, akauchonga taratibu, akaulainisha nje na ndani, mpaka mkewe akamtania, "Baba Shija, huo ni mzinga au kitanda cha bibi arusi?" Huo ndio aliompa Mihayo. Nao ukakaa mtupu kama yote.

Msimu wa tatu ulipokuwa unaanza, miti imetoa majani yake mekundu na maua yananukia, Mihayo alikuja asubuhi moja nyumbani kwa Mzee Kiyungi amebeba mzinga begani. Mama Shija alikuwa anachuja wanzuki, ile pombe yetu ya asali.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," akasema mzee. "Mbona leo umebeba nyumba kama konokono?"

Mihayo hakucheka. Akautua mzinga polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Nimeurudisha, babu. Lori likija nitapanda. Nimeona si vizuri kuuacha porini uliwe na mchwa, maana uliuchonga kwa moyo."

"Na mama yako?"

"Shangazi atakuja kukaa naye. Mwenyewe amesema niende, atakuwa mzima." Kijana akapangusa vumbi juu ya mzinga. "Ila jana nilimkuta njiani, babu. Anajifunza kwenda kisimani peke yake. Anapapasa majani kwa fimbo, akipotea anarudi anaanza upya. Hakujua kama namwona."

 Ili asitazamwe usoni, Mzee Kiyungi aliinama akachungulia ndani ya mzinga. Ulikuwa safi kabisa. Kijana alikuwa ameufagia, ameondoa buibui, ameziba nyufa kwa udongo. Hakuna mvivu afanyaye hivyo. Mzee akaingiza pua, akanusa. Ulinuka mti, basi.

Mama Shija akaacha chujio lake, akaja naye akanusa.

"Baba Shija," akasema, "humu hamjawahi kupikwa. Wewe ungekuwa nyuki ungeingia?"

"Nta haitoki, Mama Shija. Unajua."

"Najua. Nilipoletwa hapa bibi arusi, jiko langu lilikuwa la baridi. Mama yako alinipa nini?"

Mzee akaendelea kuchungulia mzinga.

"Nakuuliza wewe, alinipa nini?"

"Alikupa kaa la moto."

"La kutoka wapi?"

"Jikoni kwake."

"Na moto wake ukazimika?"

"Moto hauna mabawa!" Mzee akapandisha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Nyuki wangu wakimfuata huyu, mimi na wewe tutakula nini? Tazama mguu huu. Haupandi tena. Mizinga niliyo nayo ndiyo hiyo, sina nguvu za kuanza mingine. Unataka tuzeeke tukiomba?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake, na haikuwa hofu ya kijinga. Mama Shija hakumcheka. Alikaa juu ya mzinga ule, akafuta mikono kwa kanga, akasema kwa sauti ya chini:

"Na Shija ulimkatalia hivyohivyo. Umebaki na nta yako, Baba Shija. Sasa unampa nani?"

Mama yangu aliyasikia haya kwa Mama Shija mwenyewe, wakiwa wameshazoeana kama dada. Alimwambia kwamba hapo mzee alilia mbele ya kijana, na hakujificha. Mihayo akataka kuondoka kwa aibu, mzee akamshika mkono.

"Wewe unaweza kupanda ule mti wangu mrefu?"

"Naweza, babu."

"Basi washa mwenge wa moshi."

Wakaenda wote wawili mpaka kwenye mzinga wa Mzee Kiyungi uliokuwa mkongwe kuliko yote, ule alioachiwa na baba yake. Mihayo akapanda, akawafukiza nyuki, akakata kipande cha sega jeusi, la zamani, lisilo na asali. Mzee akakilainisha juu ya makaa, akaanza kupaka ndani ya mzinga wa mninga kwa kiganja. Katikati ya kazi akasita.

"Weka mkono wako na wewe. Si mzinga wangu huu."

Wakapaka pamoja, mkono mzee na mkono kijana, mpaka mzinga ule ukanukia asali. Na hawakuupeleka ng'ambo ya kijito. Waliutundika hapohapo, kwenye mti wa jirani, mahali ambapo mzee akikaa angeweza kuiona mizinga yote miwili bila kugeuza shingo.

"Lori linakuja lini?" mzee akauliza.

"Wamesema mwezi ukiandama."

"Basi ningojee mpaka mwezi uandame. Usipopata nyuki, panda, sitakulaumu. Nitamshika mama yako mkono mimi."

Kijiji hakina siri. Jioni hiyohiyo habari zilimfikia Mzee Mayunga, naye akaja na fimbo yake na maneno yake. Akasema Kiyungi amevunja mwiko wa mababu. Akasema huruma ikizidi ni ugonjwa. Mzee Kiyungi akamkaribisha wanzuki, wakanywa, na jambo lenyewe likabaki bila kuamuliwa.

Siku zikaenda. Mwezi ukawa unazidi kukonda. Mzee Kiyungi alikwenda kila asubuhi kukaa mbele ya ile miti miwili, mguu ameunyoosha, na Mihayo alikuja akimaliza kazi za mama yake, akakaa kando yake. Hawakuongea sana. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kupoteza, na kila mmoja alijua cha mwenzake.

Asubuhi moja mzee akasikia mngurumo. Akainua macho. Kutoka kwenye ule mzinga mkongwe wa baba yake nyuki walikuwa wanamwagika, wengi, weusi, mpaka mwanga ukafifia chini ya mti. Wakazunguka hewani, wakapanda, wakashuka. Kisha wakanyoosha njia moja kwa moja kwenye mzinga wa Mihayo, wakaanza kuingia.

Ndivyo mwiko ulivyosema. Ndivyo hasa ulivyosema, hakuna neno lililopungua.

Mtu mmoja aliyekuwa anapita na kuni aliona, akakimbia kijijini akipiga kelele. Wakaja wazee, wakaja wanawake, wakaja vijana, na mama yangu akiwa mmoja wao. Mzee Mayunga alisimama mbele, na kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa machache.

"Tulikwambia, Kiyungi."

Mihayo alikuwa ametota jasho. Alikuwa amepata nyuki, kitu alichokiomba usiku na mchana, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa. Akaja akapiga magoti mbele ya mzee.

"Babu, nyuki ni wako. Uchukue mzinga na vilivyomo. Mimi nitakwenda zangu. Sikukusudia kukuibia."

Watu wakangoja.  Mzee Kiyungi alimtazama kijana, akautazama mzinga wake mkongwe kule juu, umenyamaza. Hakuwa na uhakika wowote. Lakini akasema:

"Inuka kwanza. Mayunga, wewe una miguu. Panda ukasikilize kwenye mzinga wangu kumebaki nini."

"Mimi?"

"Wewe. Akipanda huyu mtasema amenidanganya kwa ajili yake. Nikipanda mimi mtanizika."

Vijana wakaanza kucheka, wakajizuia. Mzee Mayunga akavua koti lake, akampa mtu amshikie, akapanda akihema na kuguna. Alipofika akaweka sikio kwenye gogo. Akakaa hivyo. Akakaa mpaka watu wakachoka shingo.

"Kuna nini huko?" mtu akaita.

 Akahamisha sikio, akaweka la pili.

"Mayunga! Kumekufa?"

"Wamo," akasema kwa sauti ndogo.

"Wangapi?" Mzee Kiyungi akauliza.

"Sasa nitawajuaje! Wamo. Wanavuma. Wanavuma kama mzinga wowote unaovuma."

Akashuka, koti akasahau kulivaa. Mzee Kiyungi akamsogelea, akamuuliza taratibu kama anavyoulizwa rafiki.

"Ndugu yangu, mizinga yako wewe haihamwi msimu wa maua?"

"Huhamwa. Kila mwaka kundi moja huondoka, jingine hubaki. Ndivyo walivyo."

"Na wanaoondoka huenda wapi?"

"Porini. Kwenye mashimo ya miti. Nani ajuaye?"

"Na nta yako ulikuwa umempa nani?"

Mzee Mayunga akageuka kulitafuta koti lake.

"Basi," akasema Mzee Kiyungi, "walikuwa wakituhama miaka yote, na nta tumeifungia ndani. Walikwenda wakaliwa na nyegere, wakaungua na moto wa msitu, na hakuna aliyepata hata kijiko. Leo wangu wamehama kama wanavyohama siku zote. Ila leo nimewaona walikokwenda. Wamekwenda kwa jirani yangu." Akamgeukia Mihayo. "Sikiliza, mwanangu. Mzinga mpya huita kwa nta ya mkongwe. Umeita, wameitika. Nyuki hawa si wangu."

Wajukuu zangu, watu wale walijua kuwa nyuki huhama tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Mwiko wao nao waliujua. Lakini hawakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja wakayatazama. Mtu akiogopa sana kupoteza kitu, hata macho yake humsaidia kuogopa. Na jambo jingine niliambiwa ukubwani na watu waliosomea nyuki, nikabaki nimeshika kifua: kundi linapogawanyika, anayeondoka ni malkia mzee. Mama mtu ndiye anayetoka kwenda kutafuta makao mengine, akamwachia binti nyumba yenye akiba ndani. Kumbe Mzee Mayunga alipanda mti kusikiliza adabu ya nyuki.

Mwezi ukaandama, lori likaja. Likasimama njia panda, likapiga honi, na wakala akaanza kuita. Vijana wakajitokeza na vifurushi vyao, na mama zao nyuma. Mzee Kiyungi alijikokota mpaka barabarani, maana hakuwa na hakika. Alijua kundi moja la nyuki si utajiri, na kijana ana haki ya kuchoka kungoja. Akamwona Mihayo anakuja, amemshika mama yake mkono. 

"Unakwenda?" akamuuliza.

"Nitakwendaje, babu? Nyuki wangu hawajamaliza hata kujenga. Nimekuja kuwaaga wenzangu."

Nyuki wangu. Mama Shija alisema mzee alirudi nyumbani akilirudia neno hilo kama mtoto aliyefundishwa wimbo.

Lakini kabla hajarudi lilitokea jambo. Lori limeshajaa, injini inanguruma, mara Mzee Mayunga akaonekana anakuja mbio na koti lake, ameshika kitu kilichofungwa kwenye jani. Alikuwa na mjukuu wake ndani ya lori lile. Akakifikisha kile kitu juu, akakibandika mkononi mwa kijana mbele ya watu wote. Ilikuwa nta, bado ina joto.

"Shuka," akasema. "Shuka tukapake."

Yule aliyependa kusema hakuongeza neno. Kijana akashuka. Nyuma yake akashuka mwingine, ambaye hakupewa kitu na mtu yeyote, ameona tu kwamba huenda naye atapewa. Wengine wakaenda. Lori liliondoka na nafasi mbili tupu, na Mzee Kiyungi akasimama akilitazama mpaka vumbi likatua. Mama Shija akaja akamshika mkono. Nisiwadanganye, Shija hakurudi. Furaha ya siku ile ilikuwa na kidonda ndani yake, na wazee wale wawili waliibeba hivyohivyo mpaka walipozikwa, Mihayo akiwa mbele ya wachimbaji.

Na msitoke hapa mkidhani nta ni asali. Mihayo aliumwa na nyuki mpaka macho yakavimba. Alipigana na siafu, akapigana na nyegere, akalala na njaa akingoja masega yaive. Nta haimfanyii mtu kazi yake. Ilimfungulia mlango tu, lakini bila mlango huo angekuwa anakata mkonge na mama yake anapapasa majani. Mwaka uliofuata, kabla hajarina cha kuuza, alikata sega moja akaenda kuwapakia vijana wawili mizinga yao ng'ambo ya kijito. Hakuombwa. Mwiko ule ulikufa hivyo, bila kikao.

Sasa niambieni, nani mwenye wazimu pale sokoni? Mama Tungaraza ana wateja ambao kwa wingi wa kazi angewachelewesha, wangenuna, wangehamia kwa mtu asiyemjua. Amewaonyesha njia ya kwa Kabula. Wao wakienda, wengine watapita kibandani pale, watasikia cherehani inalia na watu wanaongea, watasema, aha, hapa pana wenzetu. Kabula naye atashona usiku na mchana, vidole vitachomwa, na siku moja atakuwa na binti anayejifunza kwake. Siku hiyo sitakuwepo. Wewe Sizya ndiye utakayekuwepo, uliyecheka kuliko wote, na mchele wako naona bado una mawe. Mkumbushe Kabula maneno ya Mzee Kiyungi, na kama atasita, kama mkono wake utakuwa mzito kufungua, usimgombeze. Kuogopa si kosa. Mshike tu mkono umwambie polepole: mzinga mpya huita kwa nta ya mkongwe.